Boti Ndani ya Eda

"Kwa ushahidi gani?" Hayo ndiyo maneno ya kwanza ninayoyasikia nikimkumbuka jirani yetu wa Hail, hapa Maskati, na hayakuwa swali hasa. Ukimwambia leo joto limezidi, kwa ushahidi gani. Ukimwambia samaki huyu ni wa jana, kwa ushahidi gani. Mama yangu aliwahi kumlalamikia kwamba mimi, binti yake wa mwisho, nina akili nyingi ila sina bahati. Jirani akaweka kikombe cha kahawa chini, akanitazama juu mpaka chini kama ramani iliyochorwa vibaya, akasema, "Akili nimeiona. Hiyo bahati, kwa ushahidi gani?"

Mtaa mzima tulimwita Bi Mwalimu. Alisomesha jiografia skuli ya wasichana mpaka akastaafu, na dada zangu wawili walipita mikononi mwake wakatoka wanajua kuogopa. Mimi sikusoma kwake. Nilimjua kwa ukuta: ukuta wa uani kwake ulikuwa ndio ukuta wa uani kwetu, na tangu nikiwa mdogo nilikuwa nikimsikia upande wa pili akigombana na mumewe juu ya boti.

Boti yenyewe ilikuwa ndogo, ya tanga, ya kuvutwa na gari juu ya trela lake. Mumewe aliinunua kwa mgeni mmoja aliyekuwa akirejea kwao. Walikwenda nayo baharini misimu kadhaa, halafu mume akaanza kuugua, na boti ikabaki uani chini ya turubai, kati ya tangi la maji na kamba za kuanikia nguo. Bi Mwalimu alikuwa akiisema kila siku. Eti inazuia njia, eti inaleta paka, eti mtu mwenye akili hanunui chombo kisichokuwa na jiko. Kwa miaka yote hiyo niliamini anaichukia. Sikujua kwamba kila baada ya kufua alikuwa akimwaga maji ya mwisho, yale safi, juu ya sitaha yake ili kuosha vumbi.

Alikuwa hivyo, na sijui kumweleza kwa namna nyingine. Aliwafukuza wasichana mtihanini kwa kuchungulia karatasi ya mwenzao, lakini kwenye karata aliiba waziwazi, na ukimkamata anakuuliza ulikuwa ukitazama nini wakati ule. Alijua bandari zote za dunia kwa majina na bidhaa zake, lakini akishika gari kwenda soko la Mawaleh kununua mboga alipotea, kwa sababu alikataa kuongozwa na simu. "Sitoambiwa na kidude pinda kushoto," alisema. "Kushoto nakujua." Kisha anapinda kulia. Aliwafunza wasichana habari za pepo zote na mikondo yote ya bahari, na yeye mwenyewe akiogopa kusafiri kwa ndege.

Na mimi niseme nilivyo, maana bila hivyo hadithi yake haieleweki. Mimi ni mtu wa hofu. Niliacha chuo mwaka wa mwisho, si kwamba nilifeli, bali nilishindwa kuukabidhi mradi wangu. Kila nilipoufungua niliona kasoro, nikairekebisha, na kule kurekebisha kukazaa kasoro nyingine, mpaka muda ukapita nami nimekaa mbele ya kompyuta. Baada ya hapo nilijifunza mambo peke yangu, chumbani, mlango umefungwa, kwa video: mabomba, viyoyozi, umeme mdogo mdogo. Bomba lilinipendeza kwa sababu halikupi mtihani. Likivuja linavuja, lisipovuja limenyamaza. Nikapata kazi kwenye duka la vifaa vya bafu Ghubra, na jioni majirani wakawa wananiita. Hakuna aliyejua kwamba nikishatengeneza bomba la mtu, usiku silali nikilifikiria.

Mumewe alifariki joto likiwa ndiyo kwanza linaanza. Bi Mwalimu akaingia eda, miezi minne na siku kumi, na eda yake ikaangukia kiangazi kizima. Wasiopata kuiona eda kwa karibu hudhani ni huzuni tu. Ni huzuni, lakini pia ni mlango. Mjane hatoki ila kwa dharura, hajipambi, hajitii manukato, hakai na wanaume wasio maharimu wake. Bi Mwalimu aliishika sawasawa, bila kulalamika, kama alivyoshika ratiba ya vipindi. Lakini nilimwona. Alikuwa akitembea kutoka jikoni mpaka ukutani, kutoka ukutani mpaka kwenye boti, anaizunguka, anarudi jikoni.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, mwanamume, anayekaa Ghubra na mkewe na watoto. Mtu mwema. Nalisema hili kwa sababu ni rahisi kumfanya mbaya. Alikuja siku moja baada ya alasiri. Mimi nilikuwa jikoni namsaidia Bi Mwalimu kukaanga sambusa, naye akazungumza amesimama mlangoni pale pale.

"Ummi, nyumba yote hii ya nini?" alisema. "Kule kwangu juu pana chumba, nshatia kiyoyozi kipya. Ukimaliza eda unakuja. Boti tunaiuza, nyumba tunapangisha."

"Na mimi unanipangisha kwa nani?"

"Ummi, wallahi sifanyi mzaha. Utakaa peke yako na nani?"

"Nikimaliza eda," alisema Bi Mwalimu, akigeuza sambusa, "ntakwenda baharini na boti ya babaako. Nikirudi tutazungumza."

Yule mwana alicheka, na kicheko chake hakikuwa cha dharau. Alicheka kama mtu anayecheka na mtoto. "Boti ile ina matundu kama chujio. Ummi, siku ukienda baharini na boti ile na ukarudi salama, jina la Ghubra hutolisikia tena kinywani mwangu."

"Umeapa?"

"Nimeapa."

"Wee," aliniambia bila kunigeukia, "umesikia."

Nilisikia. Na tangu saa ile nilijua kilichokuwa mezani: boti ikienda ikarudi, anabaki kwake. Isipokwenda, atapanda ngazi za Ghubra, apewe chumba chenye kiyoyozi kipya, na awe bibi wa juu ambaye watoto hutumwa wamwite chakula kikiwa tayari.

Mafundi wa boti wapo, lakini wote ni wanaume, na uani kwa mjane hawaingii. Ndiyo akanigeukia mimi. Nilimwambia sijawahi kugusa boti maishani mwangu.

"Unatengeneza mabomba."

"Mabomba, Bi Mwalimu."

"Bomba maji yamo ndani, unayazuia yasitoke. Boti maji yako nje, unayazuia yasiingie. Tofauti iko wapi?"

"Ipo."

"Kwa ushahidi gani?"

Nikaenda nyumbani nikaanza kutazama video.

Sitaha ya boti ile ilikuwa na kila kitu kinachoshika kamba: winchi mbili za kuzungushia, roda za kupitishia, vishikio vya kufungia, reli fupi za kuongozea tanga la mbele. Vyote vilifungwa kwa bolti zinazopenya sitaha mpaka ndani. Gundi ya zamani ilikuwa imekufa, maji ya mvua na ya kufulia yalikuwa yamepita pembeni mwa bolti, na mbao iliyo katikati ya sitaha ilikuwa imeoza karibu na kila tundu. Kwa hiyo haikutosha kukaza. Ilibidi kutoa kila kitu, kukwangua mbao iliyooza, kujaza matundu kwa epoksi, gundi ya kuchanganywa sehemu mbili, kuiacha igande, kutoboa upya katikati ya epoksi ile, kisha kufunga tena kwa gundi mpya na bamba la chuma upande wa chini.

Siku ya kwanza ya epoksi nilifuata video neno kwa neno. Nilichanganya sehemu zile mbili kwenye kikombe cha plastiki, nikakoroga taratibu kama walivyosema, na kabla sijajaza tundu la pili kikombe kilianza kunichoma mkono. Kikatoa moshi. Kilichomo kikawa jiwe, na kijiti changu kimesimama katikati. Nilikaa chini nikalia. Si kidogo.

Bi Mwalimu alikitazama kile kikombe. "Hao uliowatazama," akauliza, "wako latitudo gani?"

Sikujua. Akanionyesha kwenye simu yangu mwenyewe: mtu wa video alikuwa amevaa sweta.

"Mtu kavaa sweta, wewe unamfuata Maskati mwezi wa sita!" Akaenda jikoni akarudi na bakuli la barafu. Tangu siku ile tulikuwa tukichanganya kidogo kidogo, kikombe ndani ya barafu, baada ya sala ya alfajiri, kabla jua halijavuka ukuta. Epoksi ya kwanza ya barafu aliipa alama sita katika kumi. Alikuwa mchoyo wa alama. Maandazi ya mama yangu, ambayo mtaa mzima unayasifu, hayajawahi kupita saba.

Wageni wa kuhani, wa kutoa pole, waliendelea kuja, wakitukuta katika hali hiyo. Aliyesumbuka zaidi alikuwa wifi yake, dada wa marehemu, mama mzito mwenye fimbo na sauti ya kusikika barabarani. Alimkuta Bi Mwalimu amekaa ndani ya boti, miguu kwenye benchi, bisibisi mkononi.

"Ee wifi! Umo edani, nawe umepanda chombo?"

"Nimo uani kwangu."

"Umo ndani ya chombo cha safari. Aliyepanda chombo ni msafiri."

"Magurudumu nimeyatilia matofali, wifi. Msafiri gani huyu, magurudumu yana matofali?"

Wifi akayatazama matofali. Akanusa hewani. "Na hicho unachonukia nini? Umejitia mafuta?"

"Gundi."

"Gundi gani inanukia hivi? Manukato hayo!"

"Basi jipake wewe kidogo uende nayo harusini," Bi Mwalimu akajibu, nami nilikuwa ndani ya boti nimejibana kinywa kwa mikono miwili. Wifi akakaa, akanywa kahawa, akala halwa, akasema atamuuliza shekhe. Wiki iliyofuata alirudi. Hakutaja shekhe, ila aliniletea mimi feni ndogo ya betri. "Ya yule aliyemo tumboni humo," alisema. "Asije akatufia."

Maana mimi ndiye niliyekuwa tumboni mwa boti. Kazi ya kufunga bolti ni ya watu wawili. Mmoja juu, anaishika bolti kwa bisibisi isizunguke hata kidogo. Mwingine chini, anakaza nati kwa spana. Bolti ikizunguka inaikata gundi inayoizunguka, na maji yatapata njia. Mjane hawezi kujikunja humo ndani na magoti yake yale, kwa hiyo nililala mimi, chali, uso karibu na sitaha, kidevu kikigusa bamba, jasho likiniingia masikioni. Huwezi kukaa. Huwezi kugeuka bila kutoka kwanza. Unaona mwanga wa mlango mdogo miguuni kwako, na juu yako unasikia sauti.

Nilimjua zaidi kwa sauti ile kuliko nilivyomjua kwa uso. Alipokuwa haonekani alisema mambo. Alisema marehemu alikuwa akimwachia yeye usukani, kwa sababu yeye peke yake ndiye aliyeweza kuishika njia moja bila kuchoka, ila pwani walipokutana na watu mume alimnyang'anya ili aonekane yeye ndiye nahodha, na mke alimwachia. "Nlimwachia," alisema, "kwa miaka. Ulikuwa usukani tu." Kisha nikasikia bisibisi yake ikirudi kwenye bolti.

"Nati imekaza?" akauliza.

"Bado kidogo."

"Bado kidogo" ndiyo yaliyokuwa maneno yangu mimi. Nilimaliza winchi ya kushoto, nikaenda nyumbani, nikalala nikiiona inavuja. Asubuhi nikaitoa. Nikakwangua gundi yote, nikaanza upya. Nikafanya hivyo kwa winchi ya kulia, kisha kwa roda, kisha tena kwa winchi ya kushoto, kwa sababu sasa ya kulia ilikuwa nzuri kuliko yake. Tulikuwa tukiimwagia boti maji kwa mpira kuijaribu, ndani kukavu kabisa, nami nikasema labda maji ya mpira hayana nguvu ya maji ya bahari. Kiangazi kikawa kinaisha. Katika vitu vinane vya sitaha, nilivyovifungua tena vilikuwa vingi kuliko vilivyobaki vimefungwa.

Alikasirika mara moja tu. Nilikuwa nimelala mahali pangu, nikamwambia naona tuitoe reli ya mbele pia. Kisha nikasikia bisibisi ikitupwa.

"Toka humo," akasema.

Nikatoka, nimeloa, nimejaa vumbi la msasa.

"Mimi nimefungwa na sharia," alisema. Hakupaza sauti. "Ina mwanzo, ina mwisho, na siku ya mwisho naijua. Wewe nani kakufunga?"

Niliitazama reli ile, na hata pale, nikiwa nimesimama mbele yake na aibu yangu yote, kuna sehemu ya kichwa changu iliyokuwa ikiona kwamba bolti ya tatu haijakaa wima.

"Haya, rudi," alisema, akainama kuokota bisibisi. "Ila reli haitoki."

Eda ilikwisha. Wanawake walikuja, Bi Mwalimu akaoga, akavaa kanga mpya, akafukiza udi mpaka ukafika kwetu, wakala pilau wakalia na kucheka. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa winchi ya kulia, ambayo nilikuwa nimeitoa tena siku mbili kabla. Niliinamisha kichwa, nikimngojea aseme. Akasema, "Hakuna haraka, mwanangu."

Nilifurahi. Naandika hili jinsi lilivyokuwa: nilifurahi sana, na sikujiuliza kwa nini mtu aliyenisukuma kiangazi kizima sasa ananiambia hakuna haraka.

Winchi ikafungwa. Sasa upepo ukawa si mzuri. Kisha tairi la trela likatiliwa shaka. Kisha wageni kutoka Sohar. Kisha mimi nikasema ningependa kubadilisha washa za vishikio, vile vipete vya chini ya nati, akasema ndiyo, badilisha, vizuri kabisa. Tulikuwa tunasaidiana. Kila mmoja alimpa mwenzake sababu, na kila mmoja alipokea bila kuuliza ushahidi. Wakati huo watu wote waliozoea kwenda pwani walikuwa wanakwenda, maana hewa ilikuwa imepoa, nasi tulikuwa uani tunapangusa winchi kwa kitambaa.

Niligundua asubuhi moja nikitoka kwenda kazini. Alikuwa langoni kwake na mfuko wa taka. Jalala liko pale tu, ng'ambo ya barabara. Alikuwa amefungua lango nusu, mkono mmoja umeshika komeo, mguu mmoja umetoka, na amesimama. Nikamsalimia. Akaitika. Akanipa ule mfuko.

"Nitupie, mwanangu. Unapita huko."

"Bi Mwalimu, tangu eda imalizike umetoka?"

"Ntoke niende wapi?"

"Hata sokoni?"

"Mboga analeta mkeo wa... mke wa huyu wa Ghubra." Alijikwaa maneno, yeye ambaye hakujikwaa kamwe. Akatazama barabara, magari mawili yaliyoegeshwa, mtende wa jirani, hakuna kingine. "Mle ndani nlikuwa na sababu," alisema. "Nlijua kwa nini sitoki. Sasa sababu imeondoka, na miguu haijaambiwa."

Nilipaswa kusema kitu. Nilikwenda kutupa taka.

Jumatano mwanawe alikuja na tepu ya kupimia, akapima kabati la nguo na kitanda. Alipima kwa upole, akiuliza kipi kije, kipi kibaki. Jumamosi gari ya mizigo itakuja. Bi Mwalimu alimfuata chumba hadi chumba, amekubali kila kitu, na hilo la kukubali kila kitu ndilo lililonitisha. Mwana akasimama uani mbele ya boti. Akagonga sitaha kwa kidole, akaitazama winchi, akaizungusha, ikalia ule mlio wake mzuri. "Mashallah," aliniambia, na alimaanisha. "Mnunuzi atafurahi."

Usidhani nilipata ujasiri. Nilirudi nyumbani nikakaa na hofu yangu Alhamisi nzima.

Ijumaa asubuhi, mitaa mitupu, watu wamelala, lango letu likagongwa. Mama akafungua. Nikasikia sauti ya Bi Mwalimu kizingitini kwetu, mahali ambapo hakuwa amekanyaga tangu mumewe afariki.

"Mtoe huyo."

Nikatoka. Alikuwa amevaa abaya, ameifunga kiunoni kwa mkanda wa mumewe, na viatu vya mpira. Nyuma yake pikapu la marehemu lilikuwa barabarani linanguruma, na nyuma ya pikapu, nje ya lango, trela, na juu ya trela, boti. Ukutani palikuwa na mkwaruzo mrefu mpya.

"Umelitoa peke yako?"

"Nlipofika katikati ikawa haiwezekani kurudi nyuma," alisema. "Kurudi nyuma na trela sijui. Ndo nkatoka. Vaa viatu."

"Bi Mwalimu, zile washa bado—"

"Vaa viatu."

Kutoka kwetu mpaka pwani ya Hail ni mwendo mfupi, nasi tulipotea. Tulipita mbele ya msikiti ule ule mara mbili, boti ikitufuata. Simu sikuitoa. Kwenye mteremko wa kushushia boti wanaume wawili waliokuwa wakiosha boti yao walitusaidia kurudisha trela majini, wakasimamisha nasi mlingoti, wakatutazama tukivaa majaketi ya kuokolea juu ya abaya, wakageuka pembeni kwa adabu ili wacheke. Bahari ilikuwa shwari, upepo mdogo wa kutoka nchi kavu. Boti ikateleza kutoka kwenye trela, ikaelea. Ilikuwa nyepesi kuliko nilivyowahi kuifikiria.

Tulipandisha tanga la mbele tu. Yeye akashika usukani. Akanipa kamba, nikaizungusha kwenye winchi ya kulia, nikavuta, na winchi ikashika.

Hapo ndipo mwanawe alipotokea pwani. Mama yangu alimpigia simu, alivyoniambia baadaye, kwa woga. Alikuwa amevaa kanzu yake nyeupe ya Ijumaa, akaingia majini mpaka magotini, ikaloa.

"Ummi! Rudi! Ummi, inavuja hiyo!"

Bado tulikuwa karibu. Mkono kidogo tu kwenye usukani ungetosha kutugeuza. Bi Mwalimu aliushika usukani pale pale ulipokuwa.

"Ingia ndani," aliniambia. "Tazama."

Niliingia, nikalala pale pale mahali pangu, uso chini ya sitaha. Boti ilikuwa imeinama kidogo upande wa kulia, na maji yalikuwa yakipiga upande wa pili wa ukuta ule mwembamba, karibu na sikio langu. Niliitazama bolti moja moja. Kavu. Kavu. Reli ya mbele, ile yenye bolti isiyokaa wima, kavu. Kisha chini ya winchi ya kulia, ile niliyoifunga na kuifungua kuliko zote, nikaona tone. Likakua, likaning'inia kwenye nati, likaniangukia shavuni. Baridi. Likaanza jingine.

"Kuna maji?" aliuliza kutoka juu.

Nilijua jinsi ya kulitibu. Tungerudi, ningeitoa, ningeikwangua, ningeifunga vizuri zaidi, na Jumamosi gari ya mizigo ingekuja. Kutoka mbali nilisikia mwanawe akiita bado.

"Yapo kidogo, Bi Mwalimu," nikasema. "Matone tu. Endelea."

Nikasikia usukani ukilia, na sikujua unageukia wapi. Kisha maji pembeni ya sikio langu yakabadilika sauti, yakawa ya haraka.

"Ndoo nnayo hapa miguuni tangu nyumbani," akasema. "Toka humo, mwanangu, uje uone nchi ilivyokaa kutoka huku nje."